Naomba ushauri: 'bumpy', 'lumpy' na 'knobbly' kwenye insha

Walimu wenzangu wa Kiingereza, Kisumu na Nakuru, naomba maoni kuhusu kusahihisha. Wanafunzi wanatumia 'lumpy' kwa kitu chochote chenye miinuko, hata barabara.

Tofauti ninayoifundisha ni hii. 'Bumpy' ni uso unaokurusharusha ukipita juu yake, na pia safari yenyewe: 'a bumpy ride'. Hata ndege ikitikiswa na upepo husemwa 'a bumpy flight', ingawa huko juu hakuna tuta! 'Lumpy' ni madonge ndani ya kitu kilichopaswa kuwa laini: godoro kuukuu, au uji ambao unga wake ulimwagwa kwenye maji yanayochemka bila kukorogwa kwanza kwa maji baridi. 'Knobbly' ni vinundu vigumu, mfano tangawizi, au magoti ya mtu mwembamba. Wamarekani hupendelea 'knobby'.

Kinachonisumbua ni 'lumpy skin disease', ugonjwa wa ng'ombe unaoleta vinundu. Watoto wa wafugaji wanaujua, wanauliza mbona unaitwa 'lumpy' na vinundu viko juu ya ngozi, si ndani. Jibu langu ni kwamba uvimbe umeota ndani ya ngozi yenyewe, ila naona haliwaridhishi. Mnaelezaje?

Pili, aliyeandika 'a lumpy road' akatwe alama, au nisahihishe tu pembeni? Na 'bumpyer' badala ya 'bumpier' mnaihesabu tahajia au sarufi? Mwenye zoezi la kutenganisha 'bumpy' na 'rough' aliweke hapa pia, maana 'a rough road' ni sahihi kabisa.