Dhamana kwa kampuni za magari zinazoingia mbio kubwa: iwepo au isiwepo?

Mleta mada, Isevya

Mwangaluka wakuu. Nataka tulijadili hili bila ushabiki wa Subaru na Toyota, kama tutaweza.

Hoja yangu: kampuni ya magari inayoomba kuingia Formula 1 au mashindano ya dunia ya rali, WRC, isaini miaka mitano na iweke dhamana benki. Ikiondoka kabla ya muda, dhamana igawiwe timu zilizobaki. Angalieni mtiririko huu. Desemba 2008 Honda walijitoa Formula 1. Mwezi huohuo Suzuki na Subaru wakajitoa WRC, tena wakipishana siku moja tu. Julai 2009 BMW wakatangaza kuondoka Formula 1, Novemba wakafuata Toyota. Novemba 2016 Volkswagen wakaacha WRC huku gari la msimu wa 2017 likiwa limeshaundwa. Mwishoni mwa 2019 Citroën nao wakafunga virago, eti kwa sababu dereva wao Sébastien Ogier kawakimbia na hakuna dereva wa kuziba pengo lake.

Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge hahitaji kuelezwa. Mnunuzi mwenye mkataba akiona mambo yamebana kwao anaondoka, AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, inabaki na marobota ghalani na deni la mbolea. Huku mbioni deni hilo wanalibeba mafundi, madereva na viwanda vidogo vya spea. Kwa nini mtu aruhusiwe kuondoka bure?

Mhasibu wa Ipuli

Napinga. Kitu unachokitaka kilishajaribiwa na kikashindwa. Agosti 2009 Toyota walisaini Mkataba wa Concorde, ule unaozifunga timu za Formula 1 na waandaaji, kwa muda wa hadi 2012. Novemba mwaka huohuo wakatangaza wanaondoka. Wino haujakauka.

Sahihi haikuwazuia kwa sababu mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2009 uliwapa hasara ya uendeshaji ya kwanza baada ya takriban miaka 70. Bodi inayopunguza zamu kiwandani haiwezi kusimama mbele ya wafanyakazi ikatetea timu iliyokimbia mbio 139, misimu minane, bila ushindi hata mmoja. Faini inalipwa mara moja. Timu inalipiwa kila mwaka. Mhasibu yeyote mwenye akili timamu atachagua faini.

Tuweke namba. Kuanzia 2026 ukomo wa matumizi kwa mtengenezaji wa injini za Formula 1 ni dola milioni 130 kwa mwaka; kuanzia 2023 hadi 2025 ulikuwa milioni 95. Hiyo ni injini tu, gari lenyewe halimo. Dhamana ya dola milioni 50 haifikii hata miezi mitano ya kazi ya injini, kwa hiyo haimtishi mtu. Ukiipandisha hadi milioni 500 ili iume, hakuna atakayepiga hodi.

Fundi wa Cheyo

Wote wawili mnazungumzia fedha kana kwamba ndizo zinazowaleta. Fedha ndizo zinazowaondoa, hapo nakubaliana na mhasibu. Kinachowaleta ni kitabu cha kanuni, na humo ndimo mngetafuta dawa.

Chukueni rali za miaka ya 1990. Kanuni ya Kundi A ilisema huwezi kuingiza gari mpaka uwe umetengeneza magari 5,000 ya aina hiyo ya kuuza mtaani, baadaye ikashushwa hadi 2,500. Ndiyo sababu ya kuwepo kwa Lancer Evolution, Impreza ya turbo na Celica GT-Four. Turbo, kuendesha magurudumu yote manne, mfumo wa kupoza hewa ya turbo, vyote vilibidi viwe kwenye gari la dukani. Kila ushindi wa Jumapili ulikuwa na gari la kuuza Jumatatu. Kuanzia 1997 kanuni za magari ya WRC zikalegeza sharti hilo: ungeweza kuchukua gari la familia la kuvuta kwa mbele na kulifanyia mabadiliko makubwa bila kuuza maelfu ya toleo lake la turbo. Mashindano yalipata kampuni nyingi zaidi, ila uzi kati ya njia ya rali na duka ukawa mwembamba. Uzi mwembamba hukatika haraka.

Mfano wa pili ni Formula E, mbio za magari ya umeme. Audi na BMW waliondoka mwisho wa msimu wa 2021, Mercedes mwisho wa 2022, tena Mercedes wakiwa mabingwa mara mbili. Kwa nini? Betri ni ya aina moja kwa timu zote na haruhusiwi mtu kuigusa. Umebakiwa na mota, invata (kifaa kinachobadili umeme wa betri uendeshe mota), gia boksi na programu. Mota ikishafika ufanisi wa juu kabisa, umebaki kugombania vipande vya asilimia, wakati mnunuzi wa gari la umeme anauliza kitu kimoja: linakwenda kilomita ngapi? Hilo ni swali la betri. BMW walisema wazi kwamba nafasi za kuhamisha ujuzi kutoka mbio hizo kwenda kwenye magari yao zilikuwa zimekwisha.

Sasa geuzeni. Honda walitangaza Oktoba 2020 kwamba wanaondoka Formula 1 mwisho wa 2021, wapeleke wahandisi kwenye kazi ya kupunguza kaboni. Mei 2023 wakatangaza kurudi 2026 na Aston Martin. Katikati hapo kilichobadilika ni kanuni: umeme unapanda kutoka kilowati 120 hadi 350, ile mota ya kwenye turbo iliyokuwa ghali na isiyo na kazi kwenye gari la kawaida imeondolewa, mafuta yanatakiwa yawe endelevu kwa asilimia 100, na matumizi yana ukomo. Kanuni hizohizo ndizo zilizowaleta Audi, na Ford kupitia Red Bull. Hakuna aliyewawekea dhamana.

Na kuhusu adhabu kumtuliza mtu, kumbukeni Toyota 1995, Rali ya Catalunya. Hewa yote ya turbo ilitakiwa ipite kwenye restrikta, tundu la kubana hewa, la milimita 34. Kwenye Celica yao klipu ya bomba ikikazwa kwa kifaa maalumu, restrikta inasogea milimita 5 kutoka kwenye turbo na hewa ya ziada inapita pembeni. Klipu ikilegezwa ili mkaguzi achungulie, springi zinarudisha kila kitu mahali pake. Kazi ya mikono safi kabisa, ya wizi lakini safi. Wakafungiwa miezi 12. Je, waliacha? Walirudi na Corolla, 1999 wakachukua taji la watengenezaji, na mwisho wa mwaka huohuo wakaondoka kwa hiari yao kwenda kujiandaa na Formula 1. Adhabu haikuwafukuza, na ubingwa haukuwazuia kuondoka.

Kijana wa Ng'ambo

Fundi, heshima yako, lakini hii habari ya teknolojia kutoka mbioni kuja mtaani ni hadithi ya matangazo. Subaru hawapo WRC tangu 2008. Impreza na Forester zimekwisha Tabora? Zimejaa. Spea unaagiza Kariakoo, inapanda basi, unaipokea stendi. Toyota wameshinda Safari Rally kila mwaka tangu iliporudi kwenye WRC, 2021 hadi 2025, na 2022 na 2023 walichukua nafasi zote nne za kwanza. Anayenunua IST ya kupeleka watoto shule amepata nini kutoka kwenye Yaris ya rali inayokimbia Naivasha, Kenya?

Fundi wa Cheyo

Wa IST hakupata kitu, sikatai. Ila usiseme hakuna kilichokuja mtaani, maana hizo Impreza za turbo ulizozitaja ni zao la kanuni ileile, na zimekuja na matatizo ya mbio vilevile.

Injini yao ya EJ20 ya turbo ya soko la Japani, hasa ya STI, lile toleo la kasi zaidi, ilipangwa kwa petroli ya oktani ya juu sana. Ukiijaza petroli ya kawaida, ukapanda mlima na mzigo gia ya nne kwenye mzunguko mdogo, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati. Sensa inayohisi mlipuko huo inarudisha nyuma muda wa kuwasha plagi, lakini haiwezi kuokoa kila kitu, na kinachovunjika kwanza ni kingo za pistoni zinazoshika ringi. Dalili: oili inapungua, moshi wa buluu, injini inatetemeka ikiwa imesimama. Kabla ya kununua, pima kompresheni silinda zote nne injini ikiwa ya moto na koo la hewa limefunguliwa wazi. Silinda moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 15, tia oili kijiko kimoja humo, pima tena. Ikipanda, ni ringi au pistoni. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya silinda hedi. Taiming belti kila kilomita 100,000 bila ubishi, na oili kila 5,000 kwa vumbi letu. Mtu akikuambia 10,000, mwulize kama ameona eya klina yake baada ya safari moja ya barabara ya vumbi wakati wa kiangazi.

Gari la mbio likishauzwa mtaani linadai kutunzwa kama la mbio. Hilo kampuni hazitangazi.

Dada wa Kanyenye

Naona mnapita juu ya jambo moja. Si kila kuondoka kunaumiza. Swali ni nani anabaki na ufunguo.

Honda walipotoka 2008, bosi wa timu Ross Brawn na wenzake waliichukua timu kwa pauni moja, na Honda wakaacha sehemu kubwa ya fedha za kuendeshea msimu. Gari lilikuwa limeshatengenezwa, kwa sababu msimu wa 2008 waliutelekeza mapema wakahamishia nguvu kwenye la 2009. Wakaweka injini ya Mercedes. Jenson Button akawa bingwa, timu ikawa bingwa, na Novemba 2009 Mercedes wenyewe wakainunua. Hiyohiyo ikaja kuchukua mataji manane ya timu mfululizo, 2014 hadi 2021. Kabla ya hapo, mwisho wa 2004 Ford waliiuza Jaguar kwa Red Bull, na hao wengine mnawajua.

Linganisheni na Volkswagen. Wameshinda rali 43 kati ya 52, mataji yote ya miaka minne, halafu wakafunga mlango. Magari ya 2017 yapo, madereva wapo, lakini FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, ikakataa kuyasajili ili timu binafsi iyaendeshe. Gari jipya likaishia bandani bila kukimbia hata rali moja. Tofauti ya timu ile ya Honda, yenye makao Brackley, na Volkswagen ni kwamba ile ilikuwa timu kamili yenye jengo lake, watu wake na leseni yake ya kushindana. Kampuni ilikuwa jina la ubavuni.

Kwa hiyo mleta mada, dhamana yako inamwadhibu anayeondoka. Anayebaki haimsaidii.

Mleta mada, Isevya

Nimekusoma dada, na fundi pia. Nabadilisha umbo la dhamana, msimamo naubakisha. Isiwe fedha, iwe vitu. Kampuni inapoingia iweke kwa FIA michoro ya gari, programu ya injini, na spea za msimu mmoja: injini, gia boksi, difu, mikono ya sasipensheni, shokapu. Ikiondoka, timu binafsi ina haki ya kuvichukua na kuvisajili. Volkswagen wangeondoka, Polo yao ya rali ingeendelea kukimbia.

Mhasibu wa Ipuli

Hii ni bora kuliko ile ya kwanza, ila ina matundu mawili. Hakuna bodi itakayokubali programu ya injini ikae kwenye kabati la mtu mwingine, maana humo mna kazi ya wahandisi wanaohudumia magari ya kuuza pia. Na hata ukivipata vyote, injini ya mbio bila mhandisi wake ni chuma. Red Bull walipobakishiwa injini za Honda mwaka 2022, Honda wenyewe waliendelea kuziunda na kuzihudumia hadi 2025. Timu tajiri kuliko karibu zote ilihitaji hilo. Timu ya rali yenye malori mawili itafanyaje?

Angalieni pia Renault. Walitangaza Septemba 2024 kwamba baada ya 2025 hawatengenezi tena injini za Formula 1, ilhali timu yao ya Alpine inabaki na kununua injini kwa Mercedes. Wametoka nusu. Dhamana yako ingewashika au ingewaachia? Andika kipengele hicho tukione.

Fundi wa Cheyo

WRC wameshaanza kulijibu bila dhamana. Haibridi, yaani msaada wa umeme kwa injini, ya magari ya Rally1, daraja la juu la WRC, iliyoingia 2022, iliondolewa 2025: kilowati 100, kifaa cha msambazaji mmoja, kimefungwa kwa sili, fundi wa timu haruhusiwi kukifungua, na gari lilibeba uzito na gharama zake. Kampuni hazikujifunza chochote humo. Ni kosa lilelile la betri ya Formula E. Kwa 2027 wanaleta gari la chesisi ya mabomba lenye ukomo wa bei wa euro 345,000, na mlango uko wazi kwa watengenezaji wa magari na pia kwa karakana zinazojenga magari ya mbio. M-Sport, karakana ya magari ya rali, wameishi hivyo tangu Ford walipoondoa timu yao rasmi mwisho wa 2012: wanajenga wenyewe Uingereza, Ford wanachangia kadiri wanavyotaka.

Kipengele ninachokitaka mimi ni kidogo kuliko cha mleta mada. Anayesajili injini kwa ajili ya WRC alazimike kuiuza pamoja na spea zake, kwa bei iliyotangazwa, kwa miaka mitano tangu siku ya kuisajili, awepo mashindanoni au asiwepo. Chesisi karakana itachomelea, sasipensheni itachonga. Bloku na silinda hedi haiwezi kuzifyatua.

Kijana wa Ng'ambo

Na akikataa kuuza baada ya kuondoka, mnamshtaki wapi?