Chaneli ya mapishi imefika video 46 na mawazo yamekauka. Mapya mnayatoa wapi?

sufuria_ya_tatu:

Wakuu, habari za jioni. Swali langu ni kwa wenye uzoefu wa YouTube, hasa upande wa mapishi.

Chaneli ni ya chakula cha nyumbani kwa Kiswahili. Inapanda video mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, dakika 8 hadi 12 kila moja. Mpaka sasa zipo 46: pilau, biriani, wali wa nazi, chapati, maandazi, vitumbua, kaimati, makande, samaki wa kupaka, mbaazi za nazi, ndizi nyama, supu ya pweza, yaani karibu kila kinachopikwa nyumba za kawaida. Chapati zilirudiwa kwa mtindo wa kumimina, zikatazamwa nusu tu ya zile za kwanza. Lasagna na vyakula vingine vya kigeni vilipata watu wachache zaidi.

Vifaa ni simu moja, stendi, taa ya duara na jiko la gesi la plati mbili. Pesa ya sokoni ni ndogo, kwa hiyo siwezi kupika kwa kubahatisha.

Naomba kujua mambo mawili. Mawazo mapya mnayatoa wapi? Na mnalijuaje wazo zuri kabla hamjanunua hata kitunguu?

---

karai_la_chuma:

Mkuu, itazame tena hiyo orodha yako. Yote ni majina ya vyakula, na majina ya vyakula yanaisha. Kasoro za jikoni haziishi, na ndizo zinazomfanya mtu ashike simu. Mwenye unga mikononi saa kumi na mbili jioni haandiki "chapati". Anaandika "kwa nini chapati zinakuwa ngumu zikipoa".

Chukua vitumbua peke yake. Havitoi matundu, vinanata kwenye chuma, vinabaki vibichi katikati, vinakuwa chachu, vinanywa mafuta. Hizo ni video tano, na kila moja ina mtu wake anayeitafuta. Wewe umepiga moja tu, ile ya "jinsi ya kupika vitumbua".

Namna nzuri ya kuzipiga ni mabakuli matatu. Loweka nusu kilo ya mchele kwa saa 8, saga na tui zito, tia hamira kijiko kimoja cha chai, sukari na iliki. Gawa kwenye mabakuli matatu yanayolingana. La kwanza choma baada ya dakika 30, la pili baada ya saa moja na nusu, la tatu baada ya saa 4. Kwa joto la Dar au Mombasa, bakuli la kwanza litatoa vitumbua vizito vyenye matundu machache, la pili vitatoka vizuri, la tatu vitakuwa chachu na vitabonyea vikitolewa motoni. Eleza na sababu: mchele hauna ule mnato wa ngano unaoshika hewa, kwa hiyo viputo vya hamira vinashikiliwa na uzito wa mchanganyiko wenyewe. Ukichelewa, viputo vinapasuka na mchanganyiko unalegea. Gharama ya yote hayo ni mchele nusu kilo, nazi na mafuta kidogo.

Chapati vilevile. Unga nusu kilo mara mbili: donge moja la maji ya uvuguvugu mililita 250, jingine mililita 300. Yote yapumzike dakika 30, yapikwe kwenye kikaango kimoja chenye moto uleule. Onyesha zikiwa moto, kisha onyesha tena baada ya saa 3, kwa sababu ubaya wa donge kavu hauonekani chapati ikiwa bado moto. Video nyingine iwe ya moto wenyewe: moto mdogo unaiweka chapati kikaangoni muda mrefu, maji yanakauka, inatoka kama ngozi ya ngoma.

Kaimati nazo zina shira inayorudi kuwa chembechembe. Sukari vikombe 2 kwa maji kikombe 1, sufuria moja na maji ya ndimu, nyingine bila. Ndimu inavunja sehemu ya sukari, ndiyo maana shira haigandi upesi. Na ukiendelea kukoroga baada ya kuchemka unaialika igande.

Kinachoharibu video za namna hii ni kubadilisha vitu viwili kwa mpigo. Ukibadilisha hamira na muda pamoja, mtazamaji hajui kipi kimeleta tofauti, na wewe pia hujui. Kingine ni mwanga. Tofauti iko ndani ya kitumbua, basi kipasue mbele ya kamera, mwanga utoke ubavuni, dirishani ikiwezekana. Taa ya duara ikikaa mbele inafuta vivuli, na bila kivuli matundu hayaonekani.

---

namba_na_mwiko:

Naongezea upande wa takwimu, maana majibu mengi tayari yamo ndani ya chaneli yako.

Fungua YouTube Studio, yaani sehemu ya mwenye chaneli kusimamia video zake, nenda kwenye takwimu, weka kipindi cha siku 90, kisha angalia watazamaji wametokea wapi. Gusa utafutaji wa YouTube. Utaona maneno ambayo watu waliyaandika wakaangukia kwako. Tafuta yale ambayo video yako haiyajibu. Mtu ameandika "maandazi bila hamira" akaletewa maandazi yako ya hamira: huyo amekuandikia kichwa cha video inayofuata, na YouTube imeshakuonyesha kwamba haina jibu bora la kumpa.

Pili, fungua kivinjari kwenye dirisha la faragha ili historia yako isiingilie. Andika "chapati bila", "kwa nini chapati", "chapati za", halafu ongeza herufi moja moja na unakili mapendekezo yanayojitokeza. Vyakula kumi kwa njia hii vinajaza kurasa za daftari.

Tatu, grafu ya watu wanavyobaki kwenye video. Inapopanda ghafla katikati, mara nyingi ina maana watu wamerudisha nyuma. Kama kwenye chapati inapanda pale unapokunja donge, basi kukunja peke yake ni video: polepole, kamera juu ya mikono, bila muziki. Inapoporomoka, mara nyingi ni pale unapokata vitunguu kwa dakika mbili.

Google Trends, ukurasa wa Google unaoonyesha neno linatafutwa zaidi lini, nayo inasaidia ukiielewa. Chagua Tanzania au Kenya, badilisha kutoka utafutaji wa wavuti kwenda wa YouTube, weka miaka 5. Ile 100 ya juu kwenye grafu si idadi ya watu. Ni kilele cha neno hilo kwa kipindi ulichochagua, na namba nyingine zinapimwa kwa hicho. Misemo mirefu ya Kiswahili mara nyingi inakosa data, kwa hiyo tumia neno moja kama "futari" au "kaimati".

Kuhusu chapati za kumimina kupata nusu: usihukumu wazo kabla hujalinganisha namba mbili, jalada (ile picha ya mbele ya video) limeonyeshwa mara ngapi na waliobofya ni asilimia ngapi. Kama limeonyeshwa sana na waliobofya ni wachache, kasoro iko kwenye jalada au kichwa, na wazo linaweza kuwa zima kabisa. Kwenye kompyuta, Studio inakuruhusu kujaribu majalada hadi matatu kwa video moja, na inapima lipi limeleta muda mwingi zaidi wa kutazamwa. Kwa video yenye watazamaji wachache jaribio hilo halitoi jibu la maana.

Maoni ya watu usiyasome na kuyaacha. Fungua jedwali lenye safu tatu: swali, limeulizwa kwenye video gani, mara ngapi. Swali likifika watu watatu tofauti, mimi naliweka kwenye ratiba.

---

mbuyuni_mwambao:

Wenzangu wamegusa mengi, nitasema mawili tu.

La kwanza ni majina. Makande yako, Mkenya anayatafuta kama githeri. Maandazi yenye tui na iliki, Mombasa ni mahamri, na huliwa na mbaazi. Kuna wanaosema kitunguu saumu na wanaosema thomu, wengine giligilani, wengine dania, wengine kotmiri. Weka jina la pili kwenye kichwa au mstari wa kwanza wa maelezo, na ulitamke pia. Video za zamani unaweza kuzirekebisha leo bila kupika kitu. Kisha wafikirie walio Muscat, London au Toronto: hawana mbuzi ya kukunia nazi wala chuma cha vitumbua. "Vitumbua kwa tui la kopo" ni video, na kwa chuma waelekeze kwenye maduka ya Kihindi, waulize kikaango cha paniyaram. Kile cha æbleskiver cha Denmark pia kina vishimo vya namna hiyohiyo.

La pili ni kalenda. Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka: 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, 2026 ikaanza nusu ya pili ya Februari. Video za futari zipande wiki mbili tatu kabla, maana ukipandisha katikati ya mfungo watu wameshachagua wanayemfuata. Usitie mwaka kwenye kichwa, ili mwakani ifufuke yenyewe. Msimu wa maembe ufuate na achari. Nyanya zikishuka bei, fundisha kuzihifadhi. Ukipiga video ya "chakula cha watu watano kwa shilingi kadhaa", andika kwenye skrini bei, soko na tarehe. Bila hivyo maoni yote yatakuwa ugomvi wa bei, na swali la mapishi litazama humo.

---

sufuria_ya_tatu:

Shukrani sana wakuu, hii ya mabakuli matatu na ya majina imenifungua. Swali la mwisho: wazo langu mwenyewe ni "maharage kwa gesi kidogo", kwa sababu watu wengi wanalalamikia mtungi kuisha. Nalichuja vipi kabla ya kupiga?

---

karai_la_chuma:

Kabla ya kwenda sokoni andika mambo matatu kwenye karatasi: kichwa kisichozidi herufi 60, jalada kwa sentensi moja, na maneno ya sekunde 15 za mwanzo. Jalada likishindikana kuelezwa kwa sentensi moja, wazo bado bichi, liweke pembeni. Halafu jiulize macho yataona nini kikibadilika. Kwa maharage ni uzito wa mtungi, na huo unaonekana kwenye mzani, kwa hiyo wazo lako limepita.

Lipige hivi. Mtungi wa kilo 6 uliojaa unapita kilo 12 ukijumlisha chuma, kwa hiyo mzani wa jikoni wa kilo 5 hautabeba. Tumia mzani wa kidijitali wa kuning'iniza unaopimia mabegi, unaoonyesha gramu 10 au pungufu, maana gesi ya sufuria moja ya maharage ni kidogo na mzani wa kuruka gramu 100 utakudanganya. Funga gesi, toa regyuleta, pima mara tatu na uchukue namba ya katikati. Maharage nusu kilo yaliyolowekwa saa 8 na nusu kilo makavu, ya gunia moja, sufuria moja yenye mfuniko, maji yaliyopimwa, siku mbili tofauti ukibidi. Yakichemka punguza moto kwa kiasi kilekile. Jaribio lako litaharibika ukifunua kila mara kuonja, na litaharibika kabisa ukichanganya maharage ya zamani na mapya, kwa sababu ya zamani yanachelewa kuiva hata yakilowekwa.

Siku hiyohiyo simamisha simu wima na upige kipande cha YouTube Shorts, ambacho tangu Oktoba 2024 kinaruhusiwa kufika dakika 3. Usikate video ndefu ya mlalo. Namba za mzani zitabaki nje ya fremu.

---

sufuria_ya_tatu:

Nimepata. Mzani wa mabegi nitauulizia kesho. Kwa Ijumaa naanza na vitumbua, mchele nusu kilo unalowekwa Alhamisi usiku, na nitaongeza bakuli la nne la unga wa mchele wa dukani, kwa sababu kwenye jedwali la maoni swali hilo limeshaulizwa na watu saba.