Naomba ushauri: tupeaneje taarifa za mafuriko simu zikikatika?

Ndugu zangu, naombeni mawazo yenu. Mvua kubwa iliyopita ilitupa funzo gumu. Tahadhari iliingia kwenye grupu la WhatsApp usiku, wengi wakiwa wamelala. Umeme ukakatika, na saa chache baadaye mnara wa simu nao ukazimika. Bibi mmoja asiyesikia vizuri tulimkuta amekaa juu ya meza, ameshika viatu vyake mkononi, maji yamejaa chumbani. Sura ile hainitoki.

Sasa tunajipanga upya. Nimewaza kila mjumbe apewe nyumba tano za kugonga mlango, orodha ya wazee, wagonjwa na wenye ulemavu iandikwe kwenye karatasi, na filimbi ikilia mara tatu watu wahame. Ujumbe mfupi nao tuutumie mapema, maana mara nyingi hupenya hata mtandao ukielemewa, wakati simu za kupiga zinagoma.

Ninapokwama ni redio za mawasiliano za mkononi. Mliozitumia, mlilazimika kuomba kibali? Sola ndogo inatosha kuzichaji? Na mnafanyaje watu waendelee na mazoezi wakati wa kiangazi, ambapo hakuna anayewaza maji?