Naomba ushauri: tunalinda waogaji Shangani, lakini tumekwama

Habari zenu ndugu zangu. Mimi mkazi wa Mtwara mjini. Idi iliyopita kijana mdogo alizidiwa na maji pale Shangani. Watu wazima tulikuwa zaidi ya kumi, tukabaki kupiga kelele. Aliyemtoa ni mvuvi aliyekuwa akishona nyavu. Mtoto alipona, ila mimi usingizi uliniruka siku kadhaa.

Tangu hapo tuko saba, tunapokezana zamu kila sikukuu. Tumefunga madumu matupu ya lita 20, vifuniko vimekazwa, kwenye kamba ndefu, ili tumrushie mtu bila sisi wenyewe kuingia majini. Wavuvi wametufundisha kuwa siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yakipwa huvuta kwa nguvu, basi tunawatoa watoto mapema. Namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji tumeiandika ubaoni.

Vijana waliolewa pombe hawatusikii, wanatuuliza tumetumwa na nani. Je, tuanzie serikali ya mtaa, au tujiunge na BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe na uvuvi?

Linaloniumiza zaidi ni huduma ya kwanza. Bado watu wanamning'iniza aliyezama kichwa chini eti maji yatoke, wakati anachohitaji, kama hapumui, ni kupuliziwa pumzi upesi. Nani anaweza kutufundisha bila gharama kubwa?

Halafu akina mama wanataka mabinti zao wajue kuogelea, wakiwa wamevaa kwa stara na wakifundishwa na mwanamke. Mliofanikisha hili kwenu, mlimpataje mwalimu?