Wapangaji wanne, LUKU moja: nifanyeje watu wabane matumizi?

MamaWawili_Tabata
Habari za jioni wakuu. Nimepanga Tabata, wapangaji wanne kwenye mita moja ya LUKU, ile ya kununua umeme kabla ya kutumia. Umeme ukiisha tunachanga sawasawa. Kuna chumba wanachemsha maharage kwa koili, kingine taa ya barazani inawaka mpaka saa nne asubuhi. Mimi nina balbu mbili, TV na pasi ya sare za watoto. Nimesema mpaka naonekana mkorofi. Sitaki ugomvi, nataka watu wabane wenyewe. Naombeni ushauri.

Kijana_Kigogo
Dada, bandika karatasi pale kwenye mita, kila Jumapili andika uniti zilizoliwa. Watu wataona aibu.

Mchumi_Moro
Karatasi inasaidia, ila inategemea imeandikwa nini. Mwaka 2007 Wesley Schultz, Robert Cialdini na wenzao walichapisha jaribio la San Marcos, California. Kila kaya iliambiwa imetumia umeme kiasi gani na wastani wa majirani ni upi. Waliokuwa wanatumia sana wakapunguza, lakini waliokuwa wanabana wakaongeza! Wale waliochorewa uso wa tabasamu kando ya namba zao wakaendelea kubana. Kwa hiyo anayebana asifiwe waziwazi. Usitegemee miujiza lakini: kampuni ya Opower ilipotuma barua za namna hiyo Marekani, Hunt Allcott alilinganisha kaya kama 600,000, zilizopata barua na zisizopata, akakuta barua zimeshusha matumizi kwa asilimia 2 hivi.

Fundi_Umeme
Mkuu, hao kila kaya ilikuwa na mita yake. Hapa karatasi itasema nyumba imekula uniti 60, sasa nani aone aibu? Shida ni kuchanga sawasawa. Koili ya wati 1,000 ikiwaka saa moja imekula uniti nzima. Mwenye koili analipa robo, robo tatu mnamlipia nyie. Kwa nini asipikie umeme? Fungeni submita, yaani mita ndogo ya kupimia, kila chumba, LUKU ibaki ileile, kila mtu achange kwa uniti zake. Hapo ndipo karatasi ya Mchumi itafanya kazi.

MamaWawili_Tabata
Nimeelewa, asante sana. Ila hela ya submita? Najua watasema hawana.

Bi_Mkubwa_Tanga
Mwanangu, usiwaambie watoe kwa mkupuo. Mwenye nyumba anunue, kisha ajilipe kidogo kidogo kwenye kodi.

Mchumi_Moro
Bi Mkubwa kasema kweli. Nairobi, Susanna Berkouwer na Joshua Dean waliuza majiko banifu ya mkaa. Waliopewa nafasi ya kulipa kwa miezi mitatu walikuwa tayari kutoa karibu mara mbili ya waliotakiwa kulipa papo hapo. Jiko ni lilelile.

MamaWawili_Tabata
Mwenye nyumba anakuja Jumamosi kuchukua kodi. Nitamweleza habari ya submita na kumlipa kidogo kidogo kwenye kodi. Koili ya mtu sitaitaja kabisa.