Ushauri: Polisi wamezingira mtaa na wageni wangu wanatua leo usiku

Mama_Vyumba: Wakuu, habari za mchana. Nina vyumba nawapangisha watalii, Msasani, si mbali na Coco Beach. Tangu alfajiri polisi wamezingira nyumba ya jirani, kuna jamaa kajifungia hataki kutoka. Utepe umefungwa kwenye nguzo ya umeme hadi meza ya muuza mihogo. Karai lake liko palepale, mafuta yamepoa, nzi wanaogelea. Hata bajaji haipiti. Wageni wangu wanatua saa tatu usiku. Niwaambieje? Wakikosa chumba watanishusha nyota.

Kiroboto wa Kariakoo: Walete huku kwetu. Kelele tupu, ila risasi hakuna.

Bi Shufaa: Pole mwanangu. Agosti 2021 nilikuwa kwenye daladala karibu na Selander, yule kijana alipofyatua risasi jirani na ubalozi wa Ufaransa. Askari watatu na mlinzi mmoja walifariki. Tulilaliana chini ya viti, mama mmoja kakumbatia ndoo ya samaki hataki kuiachia! Kaa mbali na madirisha, ya nyota baadaye.

Wakili Uchwara: Dada, huyo jirani ni nani? Nyumba ya nani?

Mama_Vyumba: Jirani tu. Nimeuliza kuhusu wageni.

Wakili Uchwara: Nyumba ya nani?

Mama_Vyumba: Haya. Ni banda langu la uani. Alilipa keshi, sikumwandika kitabuni wala sikumpeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Nani anafanya hivyo siku hizi? Aliniachia begi, asubuhi nimempa boda alipeleke Sinza kwa dada yangu. Polisi wameniuliza kama kuna geti la nyuma, basi. Mimi nina watoto wa kulisha.

Mlokole: Tamaa ya keshi hiyo. Watoto hawalishwi kwa njia za mkato.

Wakili Uchwara: Kamwambie afande mwenyewe kabla hawajakuuliza. Wakija kupekua, mjumbe awepo, na vitakavyochukuliwa viandikwe, usome ndipo usaini. Ila begi limeshaondoka, hapo umejiingiza.

Mama_Vyumba: Sijalifungua, kwa hiyo sijui kilichomo. Kosa liko wapi?

Chuma Ulete: Ngojeni kwanza. Bajaji haipiti, boda lenye begi limepita? Na Bongo hii paka akigongwa tu kuna video, leo mtaa mzima umezingirwa hata picha hakuna? Chai hii, tena ya tangawizi.

Mama_Vyumba: Kuna uchochoro nyuma ya msikiti. Picha nipige nipigwe mimi?

Kiroboto wa Kariakoo: Chai au si chai, chumba shilingi ngapi kwa usiku? Shemeji yangu anakuja toka Mwanza.

Mama_Vyumba: Jamani, dada kanipigia. Ndani ya begi kuna simu inaita haikomi. Apokee?

Wakili Uchwara: ASIPOKEE. Toka nje sasa hivi, mwambie afande liko wapi.

Chuma Ulete: Sehemu ya pili saa ngapi?