Kidege cha kijani na njano kisichotulia: ni nani huyu?

Swali
Wakuu, habari zenu. Siku ya nne leo namfuatilia ndege mmoja ukingoni mwa msitu na bado sijamjua. Ni mdogo, anaenea kiganjani. Mgongo kijani kilichofifia, kifua njano ya kupauka, na juu ya jicho ana mstari mwembamba kama wa wanja. Hatulii kabisa! Anadonoa kiwavi chini ya jani, anarukia kijiti kingine, anapapatika hewani kidogo, mara hayupo. Mgunga ule naupita kila asubuhi, na kabla ya Oktoba hakuwepo. Mlio wake ni "hu-iti", mwisho unapanda.

Jibu
Umeeleza vizuri, ila miguu umeisahau. Ina rangi gani? Na mkia, anaubonyeza chini kila mara au ametulia nao?

Muulizaji
Nimerudi alfajiri na darubini. Miguu ni ya rangi ya majani makavu. Mkia anautikisa mara mojamoja tu. Mabawa marefu kwa mwili wake.

Jibu
Basi huyo ni *Phylloscopus trochilus* (kwa Kiingereza, willow warbler). Ndugu yake *Phylloscopus collybita* (chiffchaff) ana miguu myeusi, mabawa mafupi, mkia haumtulii, na mlio wake ni silabi moja. Hata Ulaya ndege hawa wawili walichanganywa sana, hadi Gilbert White, kasisi na mchunguzi wa viumbe wa Uingereza, alipowatofautisha kwa nyimbo zao, karne ya 18.

Jibu jingine
Naongezea, maana ndege huyu nampenda mno. Ana gramu 9 hivi. Huzaliana kaskazini mwa Ulaya na Asia, kiota chake kina paa na hujengwa chini kwenye nyasi. Husafiri usiku. Wanaotoka mashariki ya Siberia huruka kama kilomita 12,000 kuja Afrika, na makinda huja bila mzazi wa kuwaonyesha njia. Kitu kingine: manyoya yote huyabadilisha mara mbili kwa mwaka, wakati ndege wengi hubadilisha mara moja. Ukimwona Januari amechakaa, si mgonjwa.

Muulizaji
Gramu 9, na amevuka Sahara! Asanteni sana. Jioni hii aliimba kipande kifupi, sauti ikishuka taratibu mpaka ikazimika. Sikuusogelea mgunga. Nilikaa mbali nikamwacha ale.